Mama anajisikia vizuri, lakini dawa anaendelea nazo

Majibu ya eko ya mama, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, yametoka. Moyo wake uliokuwa umetanuka umerudi karibu na ukubwa wa kawaida, na nguvu ya kusukuma damu imepanda. Alhamdulillah, nimefurahi mno. Kisha mama akaniuliza: "Mwanangu, sasa si niache hivi vidonge?"

Swali hilohilo watafiti wa London walilifanyia kazi katika utafiti wa TRED-HF, uliochapishwa 2018. Walichukua watu 51 waliokuwa na ugonjwa huu wa misuli ya moyo kutanuka, ambao vipimo vilionyesha wamepona na hawakuwa na dalili yoyote. 25 walipunguziwa dawa hatua kwa hatua hadi kuziacha, huku wakifuatiliwa kwa karibu. Ndani ya miezi 6, ugonjwa uliwarudia 11. Kwa walioendelea na dawa, katika muda huo, haukumrudia hata mmoja.

Nilisoma mara mbili. Watu hawa walikuwa wanajisikia vizuri kabisa, kama mama! Kumbe moyo unaweza kuonekana mzima kwenye kipimo na bado unategemea dawa.

Nilipomsimulia, alinyamaza kidogo, akauliza kama wale 11 walikufa. Hapana mama, hakuna aliyekufa. Walirudishiwa dawa, na wengi wao moyo ulipata nafuu tena.

Basi amekubali kuendelea. Kliniki ijayo tutamuuliza daktari kuhusu kile kidonge kinachompa kizunguzungu asubuhi, maana hilo nalo ni haki yake kusikilizwa.