Yusto alirudi kuketi wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuandaa somo. Nina swali moja tu, nalo nililiuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, na tangu Ijumaa limenikwama kama mfupa kooni.

Binti yangu alikuwa na mashindano ya shule, mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja. Nilifika mapema, nikasimama karibu na kamba, na mzunguko wa kwanza wote ukapita nikijibu ujumbe kwenye simu. Niliinua kichwa kengele ilipogongwa. Nikamwona anakuja, namba yake imebanwa kwa pini mbili za juu tu, chini inapepea na kumpigapiga tumboni, na mbele yake yuko mtoto mmoja. Yule mtoto akabaki mbele hadi mwisho. Baada ya dakika chache binti yangu akanijia mbio, bado anahema, utepe mkononi. "Baba, nimekuwa wa pili!"

Nikamjibu, "Wa kwanza ni nani?"

Ndivyo nilivyosema. Hongera ilikuja, lakini nayo ilikuja ya pili. Nikauona uso wake ukishuka taratibu. Akanitajia jina la mwenzake, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mzunguko wa kwanza aliongoza yeye, na mwenzake alikaa nyuma yake akijikinga na upepo. "Hukuona, Baba?"

Sikuona.

Najua tunavyojitoa haraka katika mambo kama haya. Tunasema nafasi haina maana, la muhimu ni kushiriki. Sisi waamini tuna namna yetu ya kulisema hilo: mbele za Mungu wote ni washindi. Naomba tusiliseme upesi hivyo. Mtoto aliyekimbia mpaka magoti yakatetemeka anajua kuwa kuna tofauti kati ya kufika mbele na kufika nyuma ya mwenzako, na ukimwambia haipo atajua tu kwamba hukuwa unatazama. Paulo hakuwaficha Wakorintho. Karibu na mji wao palikuwa na michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Taji lilikuwa moja. Wa pili hakuvikwa kitu. Paulo akasema waziwazi kwamba wote hupiga mbio, "lakini apokeaye tuzo ni mmoja." Kisha akatuambia tupige mbio namna hiyo ili tupate. Hakusema tutembee.

(Jambo la pembeni, lakini limenichekesha. Katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, mshindi alipewa medali ya fedha, na wa pili akapewa ya shaba. Dhahabu kwa wa kwanza ilianza 1904. Kwa hiyo fedha ambayo leo mtu huvishwa huku amenuna, mwaka ule ndiyo ilikuwa medali ya ushindi. Madini ni yale yale.)

Nimemfikiria sana Paul Tergat, mkimbiaji wa Kenya, wiki hii. Atlanta 1996, mita 10,000, alipata fedha nyuma ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Sydney 2000, mbio zile zile, mtu yule yule. Mizunguko ishirini na mitano ya uwanja, na mwishoni wakatenganishwa na sehemu tisa za mia za sekunde. Katika michezo hiyo hiyo, fainali ya wanaume ya mita mia moja ilikuwa na mwanya mkubwa zaidi kati ya wa kwanza na wa pili! Anayesema hilo haliumi, nadhani hajawahi kutaka kitu kwa moyo wake wote.

Lakini kuna mbio nyingine za Tergat ambazo ndizo zilizonikamata. Berlin 2003, marathoni. Safari hii alishinda yeye, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, akavunja rekodi ya dunia. Nyuma yake kwa sekunde moja tu alikuwa Sammy Korir, ambaye siku ile aliingia mbioni kama mmoja wa wale wa kuwawekea wengine kasi. Kazi ya watu hao ni kutangulia, kukata upepo, kisha kujitoa njiani. Yeye hakujitoa. Naye pia alikuwa ameishinda rekodi ya zamani, ambayo ilikuwa saa 2, dakika 5 na sekunde 38. Ni wangapi kati yetu tunalikumbuka jina lake? Nilipofika hapo katika mawazo yangu, nikaurudia ule mzunguko wa kwanza ambao sikuuona, nikaona aibu.

Watafiti wa Marekani waliwahi kutazama picha za video za wanariadha wa Olimpiki ya Barcelona 1992, na mwaka 1995 wakaandika kwamba waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa tatu anamtazama wa nne na kushukuru kwamba amepata kitu. Wa pili anamtazama wa kwanza. Hilo halihitaji maelezo mengi kwa mtu anayeujua moyo wake.

Basi sasa nimwache mtoto, nijizungumzie mimi. Jambo hili sijawahi kuliandika popote.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikiabudu, tulichagua mwenyekiti wa vijana. Tulikuwa wawili. Nilikuwa na hakika ni mimi, na nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kushukuru. Nikapungukiwa kura mbili. Matokeo yakatangazwa, watu wakapiga makofi, nami nikapiga, yale makofi ya ncha za vidole. Nikatajwa kuwa makamu. Nikasema amina.

Kwa miezi saba nilikuwa makamu wa namna hii: ufunguo wa kabati la vipaza sauti ulikuwa kwangu, na kila siku ya mazoezi nilichelewa kwa makusudi. Sikuchelewa sana, dakika ishirini, dakika thelathini, kiasi cha kumfanya mwenyekiti asimame mbele ya vijana bila kitu cha kufanya. Kisha nilifika na kisingizio na uso wa upole, nikafungua. Niliimba? Midomo ilifunguka. Niliketi safu ya mwisho karibu na mlango, na ibada ilipokwisha nilikuwa wa kwanza kutoka. Angalau hapo nilikuwa wa kwanza!

Mama mmoja mzee wa kanisa aliniona. Wazee huona. Jumapili moja alinishika mkono pale mlangoni kabla sijaponyoka, akaniuliza, "Mwanangu, hivi Yusto alirudi kuketi wapi?" Nikadhani amenichanganya na mtu. Nikamwambia sijui, Mama. Akasema, "Kasome Matendo, sura ya kwanza," akaniachia mkono.

Yuda ameanguka, nafasi yake kati ya mitume kumi na wawili ni wazi. Petro anasimama katikati ya watu wapata mia na ishirini na kutaja sifa za anayetakiwa: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana hata siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakaweka wawili, Yusufu aitwaye Barsaba, mwenye jina la pili Yusto, na Mathiya. Fikirini miaka ile yote ya vumbi. Huyu Yusto alikuwako. Alisikia na kuona, wengi walipoondoka yeye hakuondoka. Hakuna sifa hata moja iliyompungukia. Kisha wakaomba, na maombi yenyewe ndiyo yanayochoma: "Wewe, Bwana, ujuaye mioyo ya watu wote, tuonyeshe ni nani katika hawa wawili uliyemchagua." Kura ikamwangukia Mathiya.

Mimi nilipokosa uenyekiti ningeweza kusema watu wamenionea. Yusto hakuwa na pa kusemea. Moyo wake ulikuwa umewekwa mbele za Mungu ajuaye mioyo, watu mia na ishirini wakisikia, na jibu likawa mwenzake. Hakuna alichokosea, wala hakuambiwa kwa nini. Na hapo ni mahali pamoja, watu wamekaa karibu karibu, kila jicho linamtazama. Akarudi kuketi. Wapi? Kando ya Mathiya? Nyuma, karibu na mlango, kama mimi?

Biblia haisemi. Mstari unaofuata unasema hivi: "Hata ilipotimia siku ya Pentekoste walikuwako wote mahali pamoja."

Wote.

Nililisoma neno hilo nikiwa nimeketi kitandani, nikashindwa kuendelea. Sioni kwa nini nimwondoe Yusto katika hao wote. Na ule uvumi kama wa upepo ulipokuja kutoka mbinguni, zikatokea ndimi kama za moto, zikamkalia kila mmoja wao. Moto haukuuliza nani alipata kura na nani alikosa. Haukuwa na ulimi mkubwa wa Mathiya na ulimi mdogo wa Yusto. Ukamkuta mtu pale alipoketi. Lakini ilibidi awe ameketi! Kama angesema "nimedhalilishwa vya kutosha" akashuka ngazi akaenda zake, moto ungeshuka kwenye chumba ambacho yeye hayumo. Na tazameni hili nalo: Mathiya, aliyepata, hatajwi tena kwa jina katika kitabu kizima. Aliyepata na aliyekosa, wote wawili wameishia ndani ya neno lile moja.

Ndugu yangu uliyekosa kwa alama moja, dada uliyeambiwa "ulifanya vizuri sana, ila tumemchukua mwingine," usiondoke chumbani. Nakusihi. Lia kama ni kulia, Bwana hajamkataza mtu. Ila lilia ndani, pamoja na wenzako, usilie njiani ukiwa peke yako. Uchungu wako si dhambi. Dhambi ni ule ufunguo ulioushika huku wenzako wakikungoja nje. Mimi niliurudisha Jumatano iliyofuata, na nikamwambia mwenyekiti kwa nini nilikuwa nachelewa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa anajua. Alijua miezi yote saba! Tangu siku ile yeye ni rafiki yangu, na nimejifunza kwamba hata wa kwanza huwa na mzigo wake.

Na sasa kwa sisi tunaosimama kando ya kamba. Wazazi, walezi, viongozi. Ile siku Daudi aliporudi kutoka kumwua Goliathi yule Mfilisti, mfalme Sauli hakuwa ameshindwa vita. Israeli walikuwa wameshinda. Kilichomharibu ni wimbo wa wanawake: Sauli ameua elfu zake, na Daudi makumi elfu yake. Alisikia hesabu, na tangu siku ile akamwonea Daudi wivu. Ni sisi tunaoziimba nyimbo hizo nyumbani mwetu. Mtoto analeta alama, tunauliza mwenzake amepata ngapi. Kwaya inaimba vizuri, tunasema ile nyingine ingeimba zaidi. Kijana anatoa ushuhuda, na sisi tunapima kama umezidi ule wa wiki iliyopita. Kisha tunashangaa watoto wetu wanatazamana kwa jicho la Sauli. Na tuache. Nasema tuache, nikijianzia mwenyewe, maana mimi niliyeponywa na Yusto ndiye huyo huyo niliyeuliza "wa kwanza ni nani" mbele ya mtoto mwenye utepe mkononi.

Hata Yohana, mwanafunzi aliyependwa, hakuweza kujizuia kutuandikia kwamba asubuhi ile ya ufufuo alimshinda Petro mbio hadi kaburini. Mimi hutabasamu kila nikiusoma mstari huo. Ila ni mkweli, kwa sababu anaendelea kusema kwamba aliyefika wa pili ndiye aliyeingia kwanza.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba binti yangu msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Nilimwambia sikuuona mzunguko wa kwanza kwa sababu nilikuwa kwenye simu, na kwamba nilimuuliza swali baya. Alinisikiliza huku akifungua kamba za viatu. Akasema yule mwenzake ni mzuri sana kwenye mita za mwisho, na yeye atajaribu safari ijayo kumwacha atangulie kidogo aone itakuwaje. Kisha akaniuliza kama nitakuja. Nikamwambia nitakuja, na nitasimama pale mbio zinapoanzia.

Mniombee kwa hilo. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Ameniagiza pini nne, mbili za juu na mbili za chini.