Ndugu wanne au kumi na mmoja

Tangu jana nilipotoka mahakamani, neno "ndugu" halinitoki kichwani.

Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye rufaa yake hapa Uingereza. Mkewe ni raia wa Umoja wa Ulaya, walioana 2019, na ombi la kibali cha mume cha kuishi nchini lilikataliwa kwa madai kwamba ndoa yao ni ya makaratasi, ya kupata kibali tu. Walihojiwa siku moja, kila mmoja chumba chake, maswali yale yale. Jana nani alitangulia kuamka? Pazia la chumbani lina rangi gani? Mume ana ndugu wangapi?

Mke alisema wanne. Mume, aliyejibu kwa Kiswahili, alisema kumi na mmoja. Mke alihesabu waliozaliwa tumbo moja na mumewe. Mume aliingiza na watoto wa baba mkubwa na wa mama mdogo, maana ndivyo alivyolelewa. Mkalimani akatoa neno moja tu la Kiingereza, likaandikwa hivyo, na barua ya kukataliwa ikaanza na tofauti hiyo.

Ndoa za kununuliwa zipo, na wapo wanawake wanaolaghaiwa na kulazimishwa kuziingia. Kwa hiyo kuuliza si kosa. Kinachoniuma ni kipimo. Mwaka 2016, katika kesi ya Rosa, Mahakama ya Rufani ilisema kinachotazamwa ni nia ya wahusika wakati wa kufunga ndoa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Sadovska, bibi harusi aliyezuiwa pamoja na mchumba wake huko Leith, Uskoti, mwaka 2014, siku waliyofika kuoana. Jaji Lady Hale aliandika wazi: serikali ikidai ndoa ni ya makaratasi, ithibitishe yenyewe, na kibali kuwa faida mojawapo hakutoshi, lazima kiwe ndilo lengo kuu. Niliyasoma haya usiku kucha kabla ya kesi, nikapata moyo.

Asubuhi nikaliona faili lenyewe. Ujumbe wa simu wa miaka mitatu, umechapwa na kupewa namba za kurasa. "Umechukua funguo?" "Nimechelewa, usinisubiri, lala." Mtu wasiyemjua anapekua mapenzi yao kwa kidole, akitafuta pengo la tarehe.

Mume alitoa ushahidi kwanza, akawataja wote kumi na mmoja. Mke alikuwa akisubiri nje. Alipoingia, wakili wao akamwomba awataje hao saba waliozidi. Akaanza polepole: huyu aliyempigia simu alipougua, huyu pacha, huyu anayemwita "mdogo wangu". Jaji akawa anaandika. Alipofika wa sita akanyamaza, akatazama dari. Mume aliyekaa mbele yangu alikuwa amefumba macho, midomo ikitamka jina bila sauti.

Hakulikumbuka. Uamuzi utaletwa kwa maandishi.