Jinsi nilivyopata kazi nyingine Arusha msimamizi asijue mapema

Dalili ilikuwa moja: usaili unakwenda vizuri, kisha kimya. Ofisi za utalii Arusha zinafahamiana sana, na meneja akikuta jina la msimamizi wako kwenye wasifu, anampigia. Kumwomba msimamizi barua ya utambulisho kulimshtua tu, na ruhusa za hospitali nilizotumia kwenda kwenye usaili zikaanza kuulizwa.

Kilichofanya kazi ni sehemu ya wadhamini. Ondoa jina la msimamizi. Weka mhasibu au mkuu wa idara nyingine anayeijua kazi yako, ila ongea naye kwanza akubali. Chini ya majina andika: "Naomba mwajiri wangu wa sasa asipigiwe kabla ya barua ya ajira." Mstari huo ndio ulioleta tofauti. Hakuna aliyeuona vibaya. Meneja mwenye uzoefu anaelewa mara moja.

Usaili upange ndani ya likizo yako ya mwaka. Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimepunguza wageni, likizo inatoka kwa urahisi.

Usiandike notisi kwa ahadi ya simu, hata mtoa ahadi awe ndugu. Subiri barua iliyosainiwa, yenye mshahara na tarehe ya kuanza. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Siku ya mwisho dai cheti cha utumishi.