Nilivyopanga siku tano za uvuvi kwa boti yangu ndogo, nikianzia na safari ya kurudi

Safari yetu ya kwanza ya uvuvi kwa boti yangu mwenyewe iliishia matopeni. Ilikuwa siku ya tano, ya mwisho, na siku nne zote hatukuwa tumepata samaki wa kuridhisha. Upepo ulikuwa umeamka nasi tangu alfajiri, lakini kwa kuwa kesho yake ni kufunga mizigo, mimi na shemeji yangu tukasema twende tu, tutaona huko huko. Kufika saa 6 mchana maji yakawa yanatoka ghubani kwa kasi huku upepo ukiingia, na pale mlangoni mwa ghuba vilipokutana, mawimbi yalisimama wima, mafupi, yamesongamana. Mashine iliyozoea kutupeleka kilomita 25 kwa saa ikawa inajivuta kwa 7 au 8. Binti yangu, wakati ule ana miaka 13, alikaa chini akichota maji botini na kuyamwaga nje kwa ndoo, kimya. Tulifika dikoni, pale tunaposhushia na kupandishia boti, mafuta yamebaki kimo cha kidole tangini, na diko lenyewe limekauka. Tukapwelewa. Saa nne nzima tulikaa pale tukingoja maji yajae, simu zimelowa. Nyumbani mke wangu hakujua tuko wapi wala amuulize nani.

Nilipompigia usiku ule na kuisikia sauti yake, nilijua kwamba sitashusha tena boti majini kwa mtindo ule. Lakini uvuvi sikutaka kuuacha. Naupenda mno, na binti yangu pia ameupenda. Kwa hiyo safari ya mwaka uliofuata niliipanga kinyumenyume: kwanza tutarudi vipi kila siku, halafu ndipo tutakwenda wapi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani yake yanapokusanyika maji. Mimi nilianzia ngamani.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuzigawa siku. Tulikuwa na tano. Niliandika tatu za kuvua na mbili za akiba, na sikuzipa zile mbili kazi yoyote. Shemeji hakupendezwa. Aliona tunalipia siku tano ili tuvue tatu. Nikamwambia, shemeji, zile mbili ndizo zitakazotuzuia tusijilazimishe kutoka siku mbaya. Nikaongeza kipimo: utabiri ukisema upepo wa kilomita 20 kwa saa au zaidi, au mawimbi ya kuzidi nusu mita, boti haitoki. Boti yangu ina urefu wa mita 4.8 na mashine ya nguvu za farasi 30. Kwa boti kubwa zaidi kipimo hicho kingekuwa kikali mno, kwa yetu kinafaa. Tulikiandika kwenye karatasi na kukubaliana sote watatu tukiwa bado nyumbani, kwa sababu nilijifahamu: nikisimama dikoni na mshipi mkononi, naanza kupunguza makali ya kila kipimo.

Kisha mzigo. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote, na sijutii. Boti yangu ina kibao kinachosema uzito wa watu na vifaa usizidi kilo 400. Mwaka wa kwanza sikuwahi hata kukisoma. Safari hii nilileta mizani. Sisi watatu kilo 205. Mafuta lita 45, ambayo ni kama kilo 33, maana lita ya petroli haifiki kilo moja. Betri 18. Nanga, mnyororo na kamba yake 14. Maji ya kunywa 15. Sanduku la barafu likiwa na barafu yake 26. Zana, mishipi, chakula na nguo kavu 30. Jumla kilo 341, na samaki bado wako baharini.

Nambari peke yake haikunitosha, nikataka kuona boti inafanyaje ikibeba uzito huo. Nilijaza madumu maji, nikayapima moja moja hadi yakafika uzito wa abiria wawili na vifaa vyote, nikayapanga botini pale watu na vitu vingekaa, nikaenda nayo maji ya karibu siku isiyo na upepo. Nikiwa peke yangu boti hii huinua pua kidogo, kisha hulala na kuteleza juu ya maji. Na madumu yale, pua iliinuka ikabaki hivyo hivyo. Tezi imezama, mashine inaunguruma, mbele sioni kitu. Nilisimama, nikahamisha dumu la mafuta na yale madumu ya mahali pa sanduku la barafu kuyapeleka mbele, karibu na omo, nikajaribu tena. Ikalala vizuri. Kitu kilekile, uzito uleule, umesogezwa mita mbili tu.

Siku hiyohiyo nilipima mafuta. Njia yangu ni rahisi: najaza tangi mpaka alama, naendesha kilomita 24 nikifuata GPS, kisha narudishia mafuta kwa jagi lenye vipimo mpaka alama ileile. Nikiwa peke yangu zilikuwa zikienda lita 6. Na mzigo umelala tezini lita 9. Mzigo ulipohamishwa mbele, lita 8. Kabla ya hapo nilikuwa nikikadiria kwa ile lita 6, na sasa nikaelewa kwa nini mwaka ule tulifika na kidole kimoja.

Kanuni ya mafuta ambayo waendesha boti wengi huifuata ni ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda na kuvua, moja la kurudi, moja haliguswi. Kwa lita 45, kila fungu ni lita 15. Kwenda kilomita 24 ni lita 8, zinabaki 7 za kuzungukazunguka mawindoni. Kurudi nako ni lita 8 kama bahari imetulia, lakini upepo wa mbele ukiifanya boti ishindwe kuteleza, matumizi kwa kila kilomita yanaweza kukaribia mara mbili, na hapo fungu la lita 15 linaliwa lote. Nilichukua ramani, nikaweka bikari dikoni, nikachora duara la kilomita 24. Visiwa viwili tulivyokuwa tukivitamani vilibaki nje ya duara. Niliviacha.

Tarehe nilizichagua kwa mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji huwa ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, na mikondo yake ina nguvu. Mwezi ukiwa nusu, siku moja mbili baadaye yanakuwa maji mafu, na kila kitu kinapoa. Shemeji alitaka bamvua, akisema samaki hula mkondo ukitembea, na hakukosea. Lakini kwa boti ndogo mkondo wa bamvua ukipambana na upepo ndio uliotupatia yale mawimbi ya kusimama. Tulikubaliana tuanze na maji mafu, ili kila siku mkondo uongezeke kidogo huku tukiwa tumeshaizoea ghuba.

Diko lile halifai kushushia wala kupandishia boti saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kupwa kabisa. Nikaandika jedwali la siku tano, nikijua kwamba saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Nikakumbuka pia kwamba maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Kati ya saa sita za kupwa, nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Saa hizo mbili niliziwekea alama nyekundu za kutopita mlangoni kukiwa na upepo. Jedwali nililibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la zana, limevishwa plastiki.

Wiki mbili kabla ya kuondoka nilivuta boti kwenye tela kilomita 30, nikasimama na kugusa vitovu vya magurudumu. Cha kushoto kilikuwa na uvuguvugu tu. Cha kulia kilinifanya niondoe mkono. Nilipokifungua nyumbani, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, maana yake maji yaliingia, na beringi imeanza vidoa vya kutu. Sababu naijua sasa: kitovu kikiwa cha moto kutokana na safari halafu kikatumbukizwa katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Nilibadilisha beringi na sili pande zote mbili, nikachukua seti moja ya akiba, na tangu siku hiyo nikifika dikoni nangoja magurudumu yapoe kabla ya kuyatia majini. Muda huo wa kungoja nautumia kufunga kizibo cha ngama na kuhakikisha kimekaza.

Vya usalama sitavitaja vyote. Majaketi ya kujiokolea tulivaa muda wote, si kuyakalia. Kamba ya kuzimia mashine ilifungwa mguuni mwa aliyeshika usukani. Redio ya VHF ilikaa chaneli 16, ile ya dharura. Makasia mawili, ndoo, kizima moto, plagi, chujio la mafuta, na nanga yenye kamba ya kutosha: palipo na kina cha mita 8 nilitoa mita 40, na siku zote nikatia nanga kwa omo. Nanga ya tezini, wimbi likija, huivuta boti chini upande uleule wenye uzito wa mashine. Lakini kilichobadilisha mambo kuliko vyote ni karatasi niliyomwachia mke wangu: rangi ya boti, majina yetu, sehemu ya kila siku, saa ya kurudi, saa ya mwisho ya kungoja simu, na nambari ya waokoaji wa kumpigia ikipita. Kila asubuhi nilimtumia ujumbe tukitoka, na mwingine tukirudi.

Mishipi, ndoano, chubwi na chambo nilivipanga jioni moja. Vilitosha.

Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda kama karatasi ilivyosema, samaki wa kadiri, karibu na visiwa vya ndani. Siku ya tatu utabiri wa alfajiri ulisema kilomita 28 kwa saa. Hakuna aliyebishana. Tulilala, tukafunga upya ndoano, binti akajifunza fundo la kuunganishia mishipi mpaka akawa analifunga amefumba macho.

Siku ya nne ndiyo iliyonijaribu. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa 6 na nusu mchana, kwa hiyo diko lingefungwa saa 4 na nusu asubuhi. Tuliondoka kabla ya saa 12 kukiwa na mwanga wa kwanza, tukafika ukingoni mwa duara, tukatia nanga pembeni mwa mwamba. Saa ya kugeuka ilikuwa saa 3 kamili. Mpaka saa 2 na nusu tulikuwa na samaki wawili tu. Halafu mkondo ukashika kasi na mishipi yote mitatu ikavutwa kwa pamoja. Kwa nusu saa hatukupumzika. Kila samaki tuliyeamua kumbakiza tulimwua papo hapo, tukamkata matamvua damu itoke, akaingia kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, ambayo humpoza haraka kuliko vipande vikavu. Wadogo walirudi majini. Tulikuwa na kilo 20 za barafu, na mimi hupima kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, kwa hiyo hata barafu ilikuwa karibu kutuambia basi.

Saa yangu ililia saa 3. Shemeji alikuwa na samaki mshipini. Aliniangalia, nami nikamwangalia.

"Huyu tu, shemeji," akasema.

"Huyu tu," nikajibu, na alipompandisha nikaanza kung'oa nanga. Binti alikuwa ameshakunja mshipi wake.

Mlangoni tulipita maji yakitoka kwa nguvu, lakini upepo ulikuwa bado mchanga, mawimbi ya kutikisa tu. Saa 4 na dakika chache boti ilikuwa juu ya tela. Tulipokuwa tukiiosha kwa maji yasiyo na chumvi, binti akanigusa bega: "Baba, tazama kule." Mlangoni kote palikuwa peupe kwa povu.

Nilichukua kijiti nikapima tangi, kisha dumu. Zilibaki lita 24. Nikatuma ujumbe nyumbani, na jibu likaja kabla sijarudisha simu mfukoni: "Mmepata?"