Siku Tuliyorudisha Majibu ya Kusoma Kijijini

Majibu ya mradi wetu wa kupima usomaji wa watoto, katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, yalianzia ofisi ya walimu, mlango umefungwa. Utaratibu huo nautetea mpaka leo. Mwalimu asisikie habari za darasa lake kwa mara ya kwanza mbele ya wazazi, wala wilaya isizipate kabla yake. Zikitangulia wilayani, kinachorudi shuleni ni barua ya kujieleza, na mwaka unaofuata hakuna mwalimu atakayewafungulia wapimaji daftari la mahudhurio kwa moyo mweupe.

Tulikuwa tumepima mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto huandikiwa ngazi ya juu kabisa aliyoimudu. Asilimia hatukuwapelekea walimu. Katika darasa la watoto 40, mtoto mmoja ni asilimia 2.5, wawili wakiugua siku ya kupima, hesabu imeyumba kwa 5 na ufundishaji haujabadilika hata chembe. Tuliwapa orodha ya silabi zilizokwamisha watoto: nywa, mbwa, chwa, na ng'o iliyosomwa ngo. Mwalimu wa darasa la pili aliipitia akasema, "Hizi zamu yake hufika mwezi wa tatu na wa nne, mvua ikishakata njia." Jedwali letu lisingetuambia hilo kamwe. Wakakubaliana kuzivuta mbele, zifundishwe kabla ya masika.

Mchana ukawa wa wazazi, chini ya mwembe. Maandishi ya manila hayasomeki kutoka safu za nyuma, na kuna wasiojua kusoma kabisa, kwa hiyo majibu tuliyaonyesha kwa watu. Tuliomba wazazi kumi wasimame, wawakilishe watoto wa darasa la tatu. "Wanaoweza kusoma hadithi ya darasa la pili wabaki wamesimama." Sita wakaketi. Mzee mmoja akauliza, "Hao waliokaa wamekwamia wapi?" Tukawainua upya kwa ngazi: watatu wanaishia kwenye aya, wawili kwenye maneno, mmoja kwenye silabi.

Palepale wakadai majina. Hili ndilo jambo la kujiandaa nalo kabla ya mkutano, maana hata mwenyekiti wa kijiji anaweza kuungana nao. Mtoto aliyetajwa hadharani huweza kuchapwa jioni ileile na asionekane shuleni wiki nzima. Tuliweka meza pembeni. Kila mzazi akafika kwa mwalimu kusikia habari za mwanawe tu.

Bibi mmoja alipofika mezani hakuuliza ngazi. "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Nitajuaje kama huyu mjukuu anasoma au ananiimbia tu?" Swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa siku ile. Tulimwonyesha kwa kitabu: mtoto aguse kila neno kwa kidole, bibi azibe picha kwa kiganja, kisha amwambie aanzie mstari wa mwisho. Anayesoma huanza popote. Aliyekariri hurudi mwanzo wa ukurasa, na kidole chake huachana na mdomo. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Wazazi waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaomba nao waonyeshwe, tukarudia kwa sauti.

Wilayani ulikwenda ukurasa mmoja tu. Juu kabisa tuliweka ombi: vitabu vya hadithi kwa madarasa ya chini, na siku moja ya walimu wa kata kufundishana silabi hizo kabla ya Machi. Asilimia zilikuwa chini yake, kila moja ikiwa na idadi ya watoto pembeni, ili asiyefika kijijini asidhani tunazungumzia mamia. Mwalimu mkuu aliusoma kwanza. Akafuta sentensi moja ambayo ingemtambulisha mwalimu wa darasa la pili, tukaunakili upya, ndipo ukatiwa kwenye bahasha.