Tulivyokitoa kiwanja cha yatima kwenye jina la marehemu

Kiwanja chetu tulikinunua mwaka 1998 kwa michango ya mtaa mzima, mwenye mia tano katoa, mwenye elfu katoa, hadi pakapatikana mahali pa kulelea na kusomeshea watoto yatima hapa Tanga. Hati iliandikwa jina la mzee mmoja, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa na kila mtu, na hakutuangusha hata siku moja. Alifariki mwaka 2016. Baada ya arobaini, mwanawe mkubwa alikuja nyumbani kwangu, akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Mama, kile kiwanja tukiorodheshe kwenye mirathi?"

Hakuwa na nia mbaya. Kwa mujibu wa karatasi kilikuwa cha baba yake, na alikuwa na wadogo zake sita.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa jumuiya yetu ya kulea yatima. Nilimwonyesha cheti cha Wizara ya Mambo ya Ndani, nikamwambia jumuiya yetu imesajiliwa, kwa hiyo mali ni ya jumuiya. Wakili niliyemwendea kesho yake alinisahihisha kwa upole. Cheti kile, chini ya Sheria ya Jumuiya, kinaruhusu watu wakutane na waendeshe shughuli zao. Hakiifanyi jumuiya kuwa mtu mbele ya sheria. Haiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake, haiwezi kushtaki wala kushtakiwa. Asasi zilizosajiliwa chini ya sheria ya asasi zisizo za kiserikali ya mwaka 2002 ziko tofauti, maana cheti chao huwapa hadhi hiyo moja kwa moja. Sisi ilitupasa kuwa na wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya jumuiya, na wadhamini hao wasajiliwe na Kabidhi Wasii Mkuu na kuunganishwa kuwa chombo kimoja cha kisheria, pale RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318.

Kukusanya karatasi hakukuwa kugumu: fomu, katiba, muhtasari wa mkutano uliowateua wadhamini, picha zao. Kilichotuchelewesha ni katiba yetu wenyewe. Tuliiandika usiku mmoja miaka ya nyuma kwa haraka ya kupata usajili. Haikusema mdhamini anakoma lini, nani anamwondoa, wala lakiri, yaani mhuri rasmi, itatunzwa na nani na itapigwa mbele ya nani. Tuliitisha mkutano mkuu, tukakaa kutwa nzima kwenye mikeka. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya lakiri, na nasema ulistahili, kwa sababu karatasi ikishapigwa lakiri ni jumuiya nzima imesema. Tuliamua ikae ndani ya kisanduku chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na isipigwe bila saini za wadhamini wawili.

Cheti kilipotoka nilikisoma mara tatu. Wadhamini sasa walikuwa chombo kimoja chenye urithi wa kudumu: watu wanakuja na kuondoka, chombo kinabaki. Kina lakiri yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, kinaweza kupata ardhi, kuihamisha, kuikodisha, hata kuiweka rehani, ila kwa masharti ya cheti na kwa makusudi yale yale ya jumuiya.

Maneno hayo ya mwisho yalitusaidia upesi kuliko nilivyodhani. Mdhamini mmoja alipendekeza tuweke kiwanja rehani benki, tujenge vyumba vya kupangisha. Alisema sheria inaruhusu, na kweli inaruhusu. Wakili akamsomea upande wa pili: kuunganishwa hakumwondolei mdhamini dhima. Mali inayopita mikononi mwake anawajibika nayo, kwa matendo yake na kwa uzembe wake, kama vile cheti hakipo. Mkopo ukishindikana watoto wanakosa paa, na wadhamini wanaulizwa mmoja mmoja. Aliomba muda wa kufikiri, kisha akajiuzulu kwa heshima. Namsifu kwa hilo. Wengi hupokea udhamini kama kilemba cha kuvishwa, wakati kazi yenyewe ni kulinda mali ambayo hutakula hata senti yake.

Yule kijana hakutusumbua. Nilimpelekea daftari la michango la mwaka 1998, akaukuta mwandiko wa baba yake ukurasa wa kwanza: "Fedha ya watoto." Mahakama ilipomteua msimamizi wa mirathi, alisaini uhamisho kwenda kwa wadhamini. Kibali na ada vilichukua miezi, lakini hati mpya ilitoka kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa.

Tangu hapo kazi yangu ni ya kalamu. Napeleka taarifa RITA, na mdhamini akibadilika nawajulisha, kwa sababu daftari la serikali likiwa na majina ya watu waliokwisha kuondoka, saini za waliopo zinatiliwa shaka.

Mwaka juzi alifariki mdhamini wetu mkongwe. Siku ya tatu ya matanga, binti yake aliniita pembeni, akafungua pindo la khanga yake. "Bibi, baba aliniusia nikukabidhi hii." Ulikuwa ufunguo mmoja wa kisanduku. Kuhusu kiwanja hakuuliza neno, na hapakuwa na la kuuliza.