Gramu 170

Saa nne usiku nilikuwa bado na kibano mkononi, nachambua herufi za stika ambazo hazikutaka kuachana na jirani zao. Nikivuta kipande cha ziada, "e" inafuata. Nikiirudisha kwa ukucha, "a" ya pembeni inanyanyuka. Kazi yenyewe ilikuwa maneno arobaini ya herufi ndogo, urefu wa milimita 8, nyeusi, za kubandikwa kwenye kioo. Mashine ikiwa nzima, kuchambua kazi ya namna hiyo ni dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimeshatumia saa mbili na nusu, na nilikuwa neno la saba.

Nikakitupa kibano mezani, nikaenda kutazama skrini ya plota, mashine yangu ya kukata stika. Nguvu ya kukandamiza kisu: gramu 170. Nikaganda pale kwa muda. Mashine hii ilipokuwa mpya nilikuwa naikata vinaili hii hii, plastiki ya stika yenye gundi mgongoni, unene wa mikroni 80 hivi, kwa gramu 90. Hizo 80 zilizoongezeka zilitoka wapi? Hakuna siku niliyokaa nikaamua kwenda 170. Nilifika huko gramu kumi kumi, kila mara nikiwa na haraka, kila mara nikijiambia ni kwa kazi hii tu.

Kwa asiyeifahamu plota ya kukata stika, kisu chake ni kidogo, kama ncha ya sindano iliyonolewa upande mmoja. Hakina mota ya kukizungusha. Kimekaa kwenye beringi ndogo ndani ya kishikio, na kinageuka chenyewe kufuata kinakoburutwa, kama gurudumu la mbele la toroli la supamaketi. Kazi yake ni kupasua vinaili pamoja na gundi, kisha kuigusa tu ile karatasi ya nyuma na kuiachia mchirizi. Kikiishia juu, herufi hazing'oki. Kikizama, karatasi inakatika, na ukivuta stika inakuja na vipande vya karatasi mgongoni. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni kama unene wa unywele. Ndani ya unywele huo ndimo ninamopatia riziki.

Kwanza niliilaumu vinaili. Ilikuwa roli mpya, na roli mpya haina wa kuitetea. Nilimwandikia aliyeniuzia ujumbe mitatu, wa tatu nisingependa mama yangu ausome. Halafu nikakilaumu kisu. Hapo angalau nilikuwa na sababu: nilipokitazama kwa lenzi ya kukuzia, ncha ilikuwa imevunjika kidogo, pale pale inapoanzia kukata. Nikaweka kipya cha nyuzi 45. Siku mbili mambo yakawa mazuri, na siku hizo mbili ndizo zilizoniponza. Kisu kipya kinaficha mengi. Ukali wake unafidia kila kilichoharibika kwingine, nawe unalala ukidhani umeshapona.

Siku ya tatu herufi zikaanza tena kushikana. Nikapandisha kutoka 160 hadi 170.

Asubuhi baada ya lile kesha la kibano nilimpigia simu mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii zamani, ambaye siku hizi hagusi mashine kwa sababu ya macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine imekuwaje?" Alijua. Huwa simpigii asubuhi kumsalimia tu, na nimeona aibu kuliandika hilo.

Nikamweleza yote: kisu kipya, roli mpya, nguvu nimeshaipandisha. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kosa lenyewe linakaa au linatembea?"

Sikumwelewa. Akasema, "Kata miraba midogo, sentimita moja moja, safu nzima toka ukingo hadi ukingo. Ng'oa yote. Halafu kigeuze kile kipande cha vinaili, kushoto kuwe kulia, ukate tena. Ukimaliza ndiyo unipigie." Akakata simu.

Nikafanya alivyosema, miraba thelathini na sita. Iliyokuwa katikati na kushoto ilitoka vizuri kupita kiasi: kisu kilikuwa kimeichana hadi karatasi, na mingine ilitoka na karatasi yake nyuma. Upande wa kulia, kuanzia mraba wa pili hadi wa sita, haikutoka. Mistari ilikuwa kama nukta nukta, imekatwa hapa, imeminywa tu pale. Nikakigeuza kipande, nikakata tena. Kulia tena, wa pili hadi wa sita.

Kosa lilikuwa linakaa. Kama lingekuwa la vinaili, lingehama pamoja na vinaili. Kama lingekuwa la kisu, lingekifuata kisu kila kinapokwenda. Hili lilibaki mahali pake kwenye mashine, na mahali hapo, chini ya njia ya kisu, pana kitu kimoja tu: utepe mweupe, laini, upana wa kidole, uliobandikwa toka mwanzo hadi mwisho wa njia. Huo ndio ubao wa kukatia. Nikapitisha ukucha juu yake. Kushoto ukateleza. Kulia ukadumbukia kwenye mtaro.

Nikakaa kwenye kiti kuufikiria ule mtaro, maana ulikuwa unanieleza habari zangu mwenyewe. Mashine yangu huanzia kazi upande wa kulia. Kazi zangu nyingi ni ndogo: majina, namba, alama za upana wa kiganja. Zote zinakatwa kwenye sentimita zile zile chache za kwanza. Kisu kikizidi kina kidogo, kinapita karatasi na kuukwaruza utepe. Mkwaruzo ukawa mfereji, mfereji ukawa mtaro. Vinaili ikipita juu ya mtaro haina cha kuegemea. Kisu kinaisukuma inabonyea badala ya kukatika, kisha kikifika ukingoni mwa mtaro kinazama ghafla. Ndiyo maana ya zile nukta nukta. Mimi nikiziona, dawa yangu ilikuwa nini? Kuongeza gramu kumi. Gramu kumi zikauchimba mtaro zaidi. Miezi kadhaa nimekuwa nachimba shimo kwa mkono mmoja na kulijazia lawama kwa mwingine.

Nilipompigia, mzee alicheka. "Nilidhani umenisahau," akasema. Sikujua kama anasema juu yake mwenyewe au juu ya utepe.

Kubadilisha utepe ni kazi ya nusu saa, na robo tatu ya hiyo nusu saa ni gundi ya zamani. Nimeikwangua kwa kipande cha plastiki, si kwa chuma, nikamalizia kwa kitambaa chenye spiriti hadi kidole kiliposikia chuma kitupu. Utepe mpya usiuvute unapoubandika, kwa sababu ukivutwa utarudi nyuma baadaye na kuinuka mwishoni. Usiache kiputo chini yake pia. Kiputo ni mtaro uliogeuzwa juu chini.

Halafu nikashughulikia kina, jambo ambalo nakiri nilikuwa nalichanganya na nguvu kwa muda mrefu. Kina ni kiasi cha kisu kinachotokeza kwenye kishikio, nguvu ni mkono unaokikandamiza. Kikitokeza kidogo tu kuzidi unene wa vinaili, pua ya kishikio inakaa juu ya vinaili na kukizuia kisu kisizame, hata mkono ukiwa mzito. Changu kilikuwa kimetokeza kama jino la panya. Hakuna kilichokizuia isipokuwa utepe. Tena kisu kirefu namna hiyo kinapinda kidogo kwenye kona na kuichana vinaili badala ya kuikata. Nikakirudisha ndani chote, kisha nikakishika kishikio kwa vidole kama kalamu na kuchora mstari kwenye kipande cha taka, nikikitoa robo ya mzunguko kila mara, mpaka vinaili ikakatika na karatasi ikabaki na alama unayoiona tu ukiinamisha kwenye mwanga. Kazi hiyo naifanya kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Mkono unasikia kitu ambacho namba haikuambii.

Nikarudisha gramu 90. Miraba thelathini na sita, yote ikatoka.

Ningependa kuishia hapo, ila nguvu iliposhuka kosa la pili lilijitokeza, lililokuwa limejificha nyuma ya ubabe wa gramu 170. Herufi "o" hazikufunga. Pale mstari unapoanzia na pale unapoishia palikuwa na pengo dogo, na kipande cha katikati kinaning'inia kwa uzi. Mchana kutwa nilifikiri ni belti imelegea. Nikakumbuka kwamba plota ya kukata ni mtoto wa plota ya kalamu. Hata HPGL, lugha ya amri ambayo mashine nyingi bado zinaielewa, ilibuniwa na Hewlett-Packard kwa ajili ya kalamu, na kipimo chake kimoja ni milimita 0.025. Kwa hiyo nikatoa kisu, nikaweka kalamu, nikachora duara kwenye karatasi. Kalamu haina ncha ya kugeuka wala kina. Ikifunga duara, belti na mota ziko salama, na mkosaji yumo ndani ya kishikio. Na ikichora duara lenye pembe pembe, lawama zipelekwe kwenye faili, maana ni programu iliyolikatakata duara kuwa mistari michache mno.

Duara likafunga. Ila nilipochora mraba, kila kona iliota sikio. Moyo ulinienda mbio mpaka nilipogundua kuwa nimesahau kuweka ofseti kuwa 0. Ofseti ni umbali kati ya ncha ya kisu na katikati ya mhimili wake, kwa kisu changu milimita 0.25. Kwa kuwa ncha inakuja nyuma ya mhimili, mashine hupitiliza kona kidogo kisha inageuka, ili ncha nayo ifike. Kalamu haina ncha inayochelewa, kwa hiyo ilikuwa inachora yale mazungushio ambayo kwa kawaida hayaonekani. Nimefanya kazi hii miaka, na ndiyo mara ya kwanza nimeyaona kwa macho. Sasa ninaelewa kwa nini ofseti ikiwa ndogo kuliko ya kisu kona zinakuwa mviringo, na ikizidi zinaota masikio. Nililibandika lile karatasi ukutani.

Nikafungua kishikio. Kwenye shina la kisu ulikuwa umejiviringisha uzi wa vinaili, mwembamba, mwekundu. Sikumbuki mara ya mwisho nilikata nyekundu lini. Pamoja nao gundi, imekusanya vumbi hadi ikawa kama nta ya masikio. Kisu kilikuwa kinageuka kwa kusitasita, na duara linapoanza kilikuwa bado kinaangalia kule kilikotoka. Spiriti, pumzi, tone moja la mafuta mepesi, tone moja kweli, kwa sababu mafuta mengi yanashuka hadi kwenye vinaili na tepu ya kuhamishia, ile ya kunyanyulia herufi kuzipeleka kwenye kioo, haitanasa. Nikakizungusha kwa kidole. Kikazunguka bila kusita.

Mengine niliyoyakagua siku hiyo hayakuwa na hatia, na sitayapigia hadithi. Rola za kubania zilikuwa bado duara, zimekaa juu ya zile rola za chini zenye msasa. Roli niliilegeza kabla ya kukata, ili rola zisiivute kwa mishtuko. Kasi niliishusha kwa ajili ya zile herufi za milimita 8, maana kwa haraka vikona vidogo vinanyanyuka kabla kisu hakijamaliza kugeuka. Na ile roli niliyoitukana haikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo jioni nilimwandikia yule muuzaji ujumbe wa nne. Nilifuta na kuandika mara nyingi kuliko nilivyofanya kwenye ile mitatu. Mwisho nikamwandikia ukweli, kwamba kosa lilikuwa utepe wangu na mkono wangu, na kwamba naomba radhi. Amejibu kwa neno moja, "Sawa." Nimelisoma mara tatu nijue kama limekasirika.

Ule utepe wa zamani sijautupa. Uko kwenye droo ya visu, umejikunja, mtaro ukiangalia juu.

Kesho asubuhi mwenye kioo anakuja kuchukua kazi yake. Nimeikata upya yote, maneno arobaini. Nimechambua nikiwa nimekaa, kwa dakika ishirini na tano. Kabla ya kuzima mashine nimejaribu mraba mmoja kwa gramu 85. Umetoka. Nimejaribu 80. Umetoka nao, ila kona moja imesita kidogo, kwa hiyo nimerudi 85 na kuiandika kwa kalamu kwenye kipande cha stika, nikakibandika juu ya kile kitufe cha kuongeza nguvu.